Mdomo Alete Mwenyewe

Kando ya lami pale Uriri, mahali ambapo magari ya Migori hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta na kwa sababu ya mbuzi, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa la kanisa. Wasabato waliponunua viti vya plastiki, Benta aliliomba, akaliweka mbele ya kibanda chake cha kahawa. Mgongoni limeandikwa kwa rangi nyeupe UKIMYA TAFADHALI, na maneno hayo yamekaribia kufutika kabisa kwa kusuguliwa na migongo ya watu wasionyamaza. Kahawa yenyewe inatoka Kisii, Benta huikaanga kwa mikono yake kwenye sufuria nyeusi, na ni kahawa nzuri. Wanaokuja kuinywa husema wanafuata kahawa. Uongo mtupu. Wanafuata benchi. Nyumbani kwao hakuna anayewasikiliza, na Benta hawezi kuinuka aende zake kwa sababu kibanda ni chake.

Asubuhi hiyo ya Jumatano benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, yaani lilikuwa na wanaume watatu wenye kazi zao ambazo hawakuwa wakizifanya. Mwisho wa kulia alikaa Omosa, muuza mahindi, ambaye kila mtu humwita Hansadi, kama kitabu cha maneno ya Bunge, tangu siku alipokwenda Homa Bay kwenye mkutano wa kutoa maoni ya wananchi, akapewa kipaza sauti kidogo tu, akakataa kukirudisha mpaka askari wakaitwa. Katikati alikaa Magige, mchuuzi wa ng'ombe, jina lake la benchi ni Sirari, kwa kuwa kila kitu kizuri hapa duniani, ukimsikiliza yeye, kinapatikana ng'ambo ya mpaka pale Sirari. Kushoto alikuwa Tony, fundi wa simu, ambaye huitwa Bando. Mwambie una homa, atakuuliza kama una bando.

Nyuma ya kibanda, kwenye karai la vyombo, Phelesia, binti wa Benta, alikuwa anaosha vikombe akiwa amevaa sare ya shule. Hansadi ndiye aliyegundua hilo, na akaweka kikombe chini kama hakimu anayeweka kalamu.

— Leo ni Jumatano au nimepotea? Phelesia, mbona hauko shule?

— Ametumwa kuleta mzazi, alijibu Benta.

— Umefanya nini, binti? Umepigana?

— Hajafanya kitu, alijibu Benta. Hiyo ndiyo makosa yake.

Na kwa kuwa walikuwa wameshasikia nusu, akaona heri awape iliyobaki, maana angewaacha wangejitengenezea yao. Akawaeleza huku anapuliza moto. Darasa la tisa walipewa mradi wa kupanda sukuma wiki kwenye magunia, makundi makundi. Katika kundi la Phelesia kulikuwa na watoto wanne, na likizo nzima aliyebeba maji ni mmoja. Wadudu weusi walipoingia chini ya majani, aliyekuja kuzoa majivu kwenye jiko la kahawa ni yule yule mmoja. Halafu siku ya kueleza kazi mbele ya darasa ikafika.

— Hapo ndipo kalisimama katoto kanaitwa Terry, alisema Benta, katoto ka mwenye duka la dawa pale juu. Kakaongea Kiingereza mpaka ubao ukaona haya. Tulifanya hivi, tulifanya vile. Mwalimu akageukia huyu wangu, akamuuliza, na wewe ulifanya nini? Akaangalia viatu.

— Na viatu vilijibu nini? aliuliza Bando, akacheka peke yake.

— Terry amepewa kuzidi matarajio. Huyu amepewa chini ya matarajio. Chini! Mtoto amebeba maji mpaka kichwa kikataka kuota kwato. Na mwalimu anasema hizo alama zinatumwa serikalini leo jioni. Huyu anataka kwenda kusoma kilimo huko mbele. Na alama hii si watampeleka mambo ya kuimba?

— Kuimba, na haongei? alishangaa Sirari. Hiyo serikali nayo.

— Sasa mwalimu amekuita akufokee? aliuliza Hansadi.

— Amenipigia simu. Mwalimu Wesley, yule mpya. Anasema likizo alipita pale shule akamwona huyu peke yake kwa magunia, kwa hivyo anajua kuna kitu hakijakaa sawa. Anampa nafasi. Leo saa nane aende amweleze, na akieleza vizuri alama itabadilika kabla haijatumwa. Lakini akaniambia hivi, mama, ukija naye, wewe leta masikio tu. Mdomo alete mwenyewe.

Benta aliirudia kauli hiyo ya mwisho akiwa amebana pua, aonyeshe jinsi kijana huyo anavyojisikia. Mwalimu mwenyewe bado ana chunusi. Tangu simu ilipokatika, Benta alikuwa ameshapanga maneno yake yote. Angeanza na salamu, aingie kwenye maji, apande kwenye majivu, amalizie na huyo Terry, na akitoka pale mwalimu angejua tofauti ya masikio na mama. Alikuwa hajamwambia mtu mpango huo. Phelesia naye hakuwa ameulizwa.

— Tatizo hili mimi nalijua, alisema Sirari, akanyoosha miguu kama mtu aliyeombwa. Mtoto ambaye hajawahi kupigia ng'ombe kelele hawezi kupigia mtu kelele. Ni koo tu haijafunguliwa. Pale Sirari, mtoto wa miaka sita anaongea na dume. Dume linakasirika, na yeye anakasirika. Hawaogopi mwalimu hao. Mwalimu ana pembe?

— Kwa hivyo? alisema Benta.

— Kwa hivyo nipe huyu msichana wiki mbili. Mimi niko na ng'ombe huko nyuma ya soko hawana mtu. Atawachunga, atapiga kelele, akirudi utatafuta pamba ya masikio.

— Umekosa mchungaji, ndio unatibu watoto wangu.

— Benta, hiyo ni dawa!

— Ni dawa ya ng'ombe wako. Na saa nane ni leo, si wiki mbili.

Bando alikuwa tayari ametoa simu, ile yenye kioo kilichopasuka, kwa maana hakuna simu mbovu Uriri kama ya fundi wa simu.

— Wazee mnahangaika bure. Hii kitu ni simple. Kuna app hapa, unaandika maneno, inaongea yenyewe. Sauti ya mama fulani wa Marekani, safi kabisa. Huyu Fele wenu anaandika sasa hivi, anaingia kwa class, anabonyeza, tap. App inaelezea sukuma. Yeye anasimama tu hapo na kutingisha kichwa.

— Na mwalimu akiuliza swali?

— Inajibu. Ilimradi kuna bando.

— Na bando likiisha?

Bando alifikiri. Hili kwake lilikuwa swali la dini.

— Bando haiwezi kuisha hivyo tu, mathe. Utakuwa umejitakia.

— Si utaniambia nimnunulie na ubongo wa kuchaji, alisema Benta. Mtoto ana mdomo. Mungu alimpa bure, na meno ndani. Nyinyi mnataka kumwekea mwingine juu yake.

Kule nyuma Phelesia alikuwa ameacha vikombe. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la akiba, lile ambalo halikuwashwa, anachota majivu kwa kijiko na kuyatia kwenye mkebe wa zamani wa majani ya chai.

— We, unafanya nini na hilo jivu? alipaza sauti Benta. Unachafuka na sare, halafu watasema sikufulii. Huyu akianza kuchezea jivu! Acha, osha vikombe.

Alikuwa ameuliza, akajitolea maelezo, akahukumu, yote kwa pumzi moja, na hakuona ajabu yoyote. Akageuka kummiminia Hansadi kahawa. Phelesia alifunga mkebe, akauweka kando, akarudi kwenye karai.

— Wahenga walisema, alianza Hansadi.

— Wahenga hawanywi kahawa hapa, alisema Benta. Sema yako.

Hansadi alimeza wahenga wake pamoja na kahawa, akaanza upya.

— Nyinyi wote mnatibu mtoto. Mtoto si mgonjwa. Hapa shida ni utaratibu. Fikirieni siku ya kuposa. Msichana anaongea? Anaitwa, anasalimia wageni, anarudi jikoni. Kuna mtu anasema huyo hajui kujieleza? Hapana. Wanasema ana adabu, na ng'ombe wanaongezwa! Mwenye kuongea ni mshenga. Sisi kwetu tunamwita esigani.

— Jagam, alisema Bando.

— Esigani, jagam, ni mtu mmoja na fimbo yake. Sasa chukueni hiyo muweke shuleni. Mwalimu ndiye mwenye boma. Alama ndio ng'ombe. Sisi tunafanya nini? Tunaenda na mshenga.

Sirari alipiga paja lake kwa furaha. Hata Benta, aliyekuwa amejiandaa kudharau, alisimama na birika mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi benchi lilikuwa limesema kitu kinachofanana na maana, na hapo ndipo hatari ya benchi ilipo. Upuuzi wa Bando unaujua ukiwa bado mbali. Upuuzi wa Hansadi huja umevaa koti.

— Na huyo mshenga ni nani? aliuliza Benta, ingawa alijua.

Hansadi alikohoa. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Mtu ambaye amewahi kusimama mbele ya kaunti.

— Ukatolewa na askari! alisema Sirari. Mshenga ni mimi. Mimi ndiye najua bei. Huyu mwalimu anaanza na chini ya matarajio, sivyo? Mimi namwambia, ongeza. Anapanda kidogo. Mimi nainuka, nafanya kama naenda. Ananiita. Tunakutana hapo katikati, kufikia matarajio, na tunapeana mkono.

— Tunataka kuzidi, si kufikia, alisema Benta.

— Basi nitainuka mara mbili.

— Utaratibu! alisema Hansadi. Mshenga anaanza na historia. Shamba la ile shule lilitolewa na nani? Mwaka gani? Mwalimu anajua? Hajui, ni mgeni. Nikifika hapo atakuwa tayari jasho linamtoka. Halafu naja kwa ukoo wa mtoto, halafu kwa majivu.

— Majivu yalikuwa ya nini hata? aliuliza Bando. Fele, jivu ni ya kazi gani?

— Ni ya kuua wadudu, alijibu Benta.

— Ni mbolea, alisema Hansadi.

— Ni ya kufukuza mizimu ya shamba, alisema Sirari, pale Sirari wanaweka kila kona.

Kutoka kwenye karai hakukusikika kitu isipokuwa kikombe kikigonga kikombe.

Wakaingia kwenye swali la nani atakwenda na nani atabaki. Hansadi alitaka watu watano, kwa kuwa ujumbe wa watu watatu unaonekana kama wanadai kitu. Bando alikubali kuja endapo ataruhusiwa kurekodi. Sirari aliuliza kama mwalimu ataandaa chakula, kwa sababu mshenga halishwi maji, na alipoambiwa hakuna chakula akasema basi wabebe chao wenyewe, beberu, si mkubwa, na ulimi wa beberu huyo apewe Phelesia kabla hajaingia mlangoni, maana ulimi wa beberu hufungua ulimi wa mtu.

— Hiyo mila ni ya wapi? aliuliza Benta.

— Yangu.

— Wa kuchemsha au wa kuchoma? aliuliza Hansadi, mtu wa utaratibu.

— Wa kuchoma. Wa kuchemsha unaleta kigugumizi.

— Na nusu apewe mwalimu, alisema Bando, ndio waelewane.

— Mwalimu asipewe! Akipewa ataongea zaidi, na sisi tunataka atusikilize.

Wakabishana juu ya ulimi huo mpaka adhuhuri, kwa ukali wa watu wanaouona kwenye sahani. Ni wakati huo gari la kutoka Migori liliposimama, akashuka mama mmoja mnene, mchangamfu, amebeba magunia matupu yaliyonuka ziwa. Alikuwa Emmaculate, mchuuzi wa omena, wale dagaa, kutoka kisiwa cha Remba, aliyekuwa ameshusha mzigo wake Migori na sasa alikuwa anasubiri la kumpeleka Homa Bay arudi zake ziwani. Akasukuma magunia chini ya benchi, akamsukuma na Bando, akakaa.

— Nipe kikombe, nyamama, dada yangu, alimwambia Benta. Wazee, amosou, nawasalimu. Kwani mnazika nani?

Wakamweleza wote pamoja, kila mmoja akianzia mahali pake. Alisikiliza nusu, kwa sababu simu yake ililia.

— Eee, Okari! Nimekujua. Kesho, nimesema kesho. Usinidanganye una mafua, hiyo ni sauti ya kulala.

Akakata, ikalia tena.

— Mama Gesare. Eee. Zile kubwa zimeisha, nitakuwekea za kati.

— Unajuaje ni nani kabla hajasema jina? aliuliza Bando. Umewa-save wote?

— Hii simu yangu imejaa zamani. Nawajua kwa sauti. Wengine sijawahi kuona sura yao, na tumeuziana miaka. Mtu wangu wa Rongo nikikutana naye barabarani nitampita. Lakini akikohoa tu, nimemjua.

Akanywa kahawa. Hansadi, aliyeona mkutano unamponyoka, akarudi kwenye ajenda.

— Kwa hivyo tumekubaliana. Mshenga ni mimi, Sirari ni msaidizi.

— Mshenga ni mimi, alisema Benta.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa imemtoka. Na kwa kuwa ilikuwa imemtoka, akaimalizia, maana Benta si mtu wa kurudisha neno ndani kama kadi ya karata.

— Mlidhani nimewaomba? Hakuna anayeenda. Hakuna beberu, hakuna historia ya shamba. Nitaenda mimi, na nitaongea mimi. Huyo Wesley aniambie nilete masikio! Mimi ndiye nilizaa huyu mtoto. Najua aliamka saa ngapi kwenda kumwagilia. Najua kila kitu atakachosema. Nitasema, na nitasema vizuri kuliko yeye, na kuliko Terry, na kuliko mama yake Terry.

— Lakini si mwalimu alikataa, alisema Sirari.

— Mwalimu atazoea.

— Mtoto mwenyewe je? Hataongea hata kidogo?

— Ataongea, alisema Hansadi, akijaribu kuokoa kipande cha mamlaka yake. Tukishamaliza sisi, atasema asante.

Emmaculate alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuonekana ana nia mbaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei.

— Na huyo msichana, sauti yake ikoje?

— Sauti?

— Eee. Tangu nikae hapa namsikia ni Phelesia, Phelesia. Nauliza tu. Sauti yake ikoje?

— Ni nyembamba, alisema Sirari haraka.

— Zii, alisema Bando. Fele ako na bass kidogo. Nafikiri.

— Nyembamba!

— Wewe ulimsikia lini?

Sirari alianza kuhesabu kwa vidole. Miaka mitatu msichana huyo alikuwa amemletea kahawa kila Jumapili na kila likizo, amemrudishia chenji, amemwokotea kofia upepo ulipoipeleka barabarani. Aliukumbuka mkono wake. Alikumbuka kofia.

— Ni sauti ya kike, alisema Hansadi, ikawa ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Emmaculate akamgeukia Benta, kama mtu anavyomgeukia mwenye duka baada ya wateja kushindwa kumwambia sukari iko wapi. Benta alikuwa na jibu. Bila shaka alikuwa na jibu, angekosaje jibu? Alijua kikohozi cha mtoto wake kupitia ukuta. Alijua nyayo zake kwenye changarawe, alijua anavyocheka na mto mdomoni usiku akidhani mama amelala. Lakini sauti yake akisema jambo, akisema mimi nataka hiki, mimi sitaki kile? Akaitafuta. Akapata ee. Akapata ndiyo mama. Akarudi nyuma zaidi, akamwona daktari kwenye zahanati akimuuliza mtoto anaumwa wapi, na Benta akijibu tumbo. Akamwona mchungaji akiuliza jina, na Benta akijibu Phelesia. Hapa hapa leo Hansadi ameuliza, Bando ameuliza, na maswali yote ameyadaka yeye, kama kipa ambaye hajawahi kumwachia beki hata mpira mmoja.

Alisimama na birika mkononi. Wanaume walimtazama. Bando aliweka simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu litoke kanisani, benchi lilikuwa limetii kilichoandikwa mgongoni mwake.

— Kahawa imeisha, ilisema sauti.

Hansadi aliangalia barabarani aone ni nani amefika.

Ni Phelesia. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kibanda, chupa ya kahawa ya akiba ameipindua chini juu kuonyesha haina kitu, na mkono wa pili ameshika mkebe wa majani ya chai. Sauti haikuwa nyembamba, haikuwa nzito. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa mara kwa mara.

— Na jivu, alisema. Jivu si...

Akasimama hapo. Macho yakaenda kwenye viatu.

— Si mbolea, anataka kusema, aliingilia Hansadi. Au labda anamaanisha...

— Nyamaza! alisema Benta.

— Mimi namsaidia tu.

— Omosa, nitakumwagia hii birika. Nyamaza!

Alimwita kwa jina la nyumbani, na Hansadi akajua haikuwa mzaha. Wakangoja. Haikuwa kazi ndogo. Sirari alishika magoti yake kama mtu aliye kwenye kiti cha mng'oa meno. Lori la miwa lilipita likitetemesha vikombe, likapanda tuta, likashuka tuta, likaenda zake Awendo, na msichana alikuwa bado hajasema neno. Benta aliyajua maneno yote yaliyokuwa yanakuja, au alidhani anayajua, na yalimjaa mdomoni mpaka meno yakauma. Akayauma.

— Jivu haliui wadudu, alisema Phelesia. Mama umekosea. Wale wadudu ni laini, jivu linawakausha, wanaanguka wenyewe. Lakini lazima liwe kavu, na uweke asubuhi kabla ya jua, jani likiwa na umande, ndio lishike. Terry alisema darasani ni mbolea. Mwalimu alijua si kweli. Ndio maana aliniuliza.

Akavuta pumzi, kama aliyekuwa amebeba mtungi akautua nusu ya njia.

— Nimebeba lingine nimwonyeshe. Mama, tutaenda. Lakini wewe utakaa nje.

— Nje wapi? aliuliza Benta, na sauti yake mwenyewe ilitoka ndogo.

— Hapo kwa dirisha. Utasikia.

Benta aliweka birika chini. Akafungua kitambaa kichwani, akakifunga upya, akakifungua tena. Emmaculate alimalizia kahawa yake, akaweka kikombe kwenye karai, na kutoa simu yake iliyokuwa inalia tena, akaenda kuipokea kando ya barabara, kwa sababu alikuwa amepata alichouliza.

Benchi ndilo lililochelewa. Mama na binti walikuwa wameshafika kwenye lami ndipo Sirari alipopata maneno.

— Umeona hiyo? alisema. Mtoto anamwambia mamake kaa nje.

— Na amesema mama umekosea, alisema Bando. Mbele ya watu.

— Hii ndiyo elimu ya siku hizi, alisema Hansadi, akafungua kifungo cha juu cha shati. Watoto wanaongea ovyo. Hakuna adabu. Hili jambo linataka kamati.

Akainua kikombe. Kilikuwa kitupu.

Kule barabarani pikipiki ilisimama. Mwenye pikipiki, kijana wa Uriri anayemjua kila mtu, alimtazama Benta, kwa sababu kila mtu humtazama Benta.

— Mnaenda wapi?

Mdomo wa Benta ulikuwa umeshafunguka. Aliufunga kwa mkono, kabisa, kama mtu aliyemeza nzi. Kijana akangoja, haelewi. Akamgeukia msichana mwenye mkebe.

— Shuleni, alisema Phelesia. Na uende polepole. Mama anaogopa.